Kikuku cha Mfiwa

Siku tatu Nakijwa alikuwa akitabasamu kila alipoutazama mstari wa Namkunda kwenye kioo cha kompyuta. Siku ya nne aliusoma mpaka chini.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, chai ingali mkononi. Kioo kilitundikwa ukutani mwa kituo chake cha mazoezi pale Ndivani, juu kabisa kwenye milima ya Upare, na kilikuwa na mistari tisa ya wagonjwa wake tisa wa presha sugu. Aliijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Wa Babu Kirita ulikuwa na vilima na mashimo, kwa sababu Babu Kirita hujituma Jumatatu, na Jumanne huuguza magoti. Wa Namkunda na wa Elihuruma, tangu Jumamosi, ilikwenda sambamba dakika kwa dakika: arobaini za mlima kila asubuhi, presha mia moja ishirini na mbili kwa sabini na sita.

Hapo ndipo alipokuwa akitabasamu. Mwenye macho haambiwi tazama: Namkunda alikuwa ameketi mkekani akimlilia mumewe, na aliyepanda mlima na vikuku viwili vya kupimia presha, kimoja kila mguu, alikuwa Elihuruma.

Lakini chini ya mstari kompyuta ya Mizani ilikuwa imeandika kwa kijani: *Mgonjwa anaendelea vizuri sana. Dawa imepunguzwa hadi robo.*

Nakijwa aliiweka chai kwenye kizingiti cha dirisha. Alichukua ufunguo wake, akavuta kutoka chini ya kabati ile mashine ya zamani ya kupimia presha, ya mpira wa kubinya kwa mkono, akatoka mbio. Alikuwa mwalimu wa mazoezi kwa miaka kumi na minne na mapafu yake hayakuwa na mfano pale kijijini, lakini kufika kwa Namkunda alikuwa anahema.

*

Ili mtu asimlaumu Nakijwa kupita kiasi, na wala asimlaumu kidogo, inafaa kueleza vitu hivi vilivyofanya kazi.

Mbegu ilikuwa kichupa cha ukubwa wa punje ya mahindi, kilichopandwa chini ya ngozi ya mkono, na ndani yake mlikuwa na dawa tatu za presha. Kikuku kilifungwa mguuni. Kilihesabu hatua, kikasikiliza mapigo, kikapima presha, kisha kikaiambia mbegu itoe dawa kiasi gani. Juu ya vyote ilikaa Mizani, iliyowasoma wagonjwa elfu tano wa nchi nzima kwa pamoja, na ilichojifunza kwa mmoja ikakitumia kwa wengine wanaofanana naye. Hao elfu tano wote walikuwa watu ambao dawa tatu, hata nne, ziliwashinda. Namkunda alipoletwa Ndivani alikuwa na mia moja tisini kwa mia moja na kumi, na mkoba wa vidonge ungedhani anakwenda kuuza.

Kilichomtengeneza ni miguu yake. Wiki kumi na moja za mlima, dakika arobaini, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba, na mishipa iliyokuwa imekakamaa ikaanza kulegea. Kadiri mwili ulivyojifunza, mbegu ilifunga mlango wake kidogo kidogo. Wiki ya kumi na mbili angepimwa, na kama angefaulu angeingizwa kwenye orodha ya kudumu. Ndipo Mbonea, mumewe, alipoanguka shambani kwenye tangawizi na asiinuke tena.

Vikuku vya mwanzo viliweza kumtambua mwenyewe kwa mapigo ya moyo wake. Wahandisi wakaiondoa hiyo, kwa sababu moyo uliofunzwa hubadili mwendo, na vikuku vikaanza kuwakana watu waliokuwa wanapona. Badala yake wakaweka kufuli, na ufunguo, wenye kioo kidogo cha kusomea ujumbe, wakampa mwalimu. Waliwafikiria wezi, na watoto, na wavivu. Hawakuwafikiria Wapare.

Maana Upareni kuna msaragambo. Jirani akiwa na kazi inayomzidi, kijiji hutoka na majembe kikaimaliza. Mtu akifiwa, basi hagusi hata kijiko. Maji atachotewa, ng'ombe watakatiwa majani, shamba litapaliliwa, na yeye atakaa mkekani mpaka siku zake ziishe. Sasa Jumamosi, siku moja baada ya maziko, mchungaji alikuwa katikati ya sala, nyumba imejaa wanawake, na kikuku cha Namkunda kikasema kwa sauti ya upole: "Namkunda, dakika zako arobaini zinakusubiri. Simama, tutembee."

Kilisema mara tatu. Mara ya tatu hata mchungaji alifumbua jicho.

Nakijwa alipiga magoti, akakifungua kwa ufunguo, akamkabidhi Elihuruma aliyekuwa karibu. Nje, chini ya dirisha, Elihuruma alimfuata na swali: kikuku kisipotembea siku nne, si mwenye nacho anaondolewa, apewe mwingine nafasi? Nakijwa alijua jibu, na jibu hakulipenda. Akasema, "Si mnajua wenyewe kazi ya mfiwa hufanywa na nani."

Maneno kumi tu, wala hata kumi hayafiki. Akili yake yote ilikuwa kwenye kanuni ya siku nne. Ule mkono wa Namkunda, wenye mbegu inayotii kikuku popote kilipo, ulimtoka kichwani kabisa.

*

Namkunda alikuwa mkekani, mgongo ukutani, khanga nyeusi begani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mrefu, na mwenye ulimi.

"Mwalimu," alisema. "Umekuja mbio kama umesikia nami nimekufa."

"Shikamoo mama. Kichwa kinauma?"

"Marahaba. Tangu jana. Ni kilio, mwanangu. Usiniletee hiyo mipira yako."

Nakijwa alikwisha kumfunga mpira mkononi. Alibinya, akasikiliza, akaachia upepo polepole. Alirudia mara ya pili kwa sababu hakutaka kuamini ya kwanza. Mia mbili na nane kwa mia moja kumi na nane.

"Inua mikono yote miwili, mama. Ishikilie hapo. Sasa tabasamu."

"Mfiwa anaambiwa atabasamu?"

"Tabasamu, mama, nakuomba."

Namkunda alitabasamu, tabasamu kali la kumkomesha mtu, na mdomo ulikuwa sawa pande zote mbili. Mikono haikushuka. Maneno yalitoka yamenyooka, tena mengi. Nakijwa alimshukuru Mungu moyoni kwamba si kiharusi, kisha akaupitisha ufunguo juu ya mkono wa Namkunda na kuirudisha mbegu kwenye kipimo cha wiki iliyopita, sio zaidi. Presha iliyopanda siku nne haiangushwi kwa dakika nne. Ukiiangusha ghafla, unamwangusha na mwenyewe.

Elihuruma aliingia wakati huo, ndoo ya maji kichwani, vikuku viwili vinang'aa miguuni. Alikuwa mwembamba, mshonaji, na mgonjwa bora kuliko wote wa kikundi. Aliona mashine ya mpira. Akaitua ndoo taratibu.

"Presha yangu ndiyo kikuku kilikuwa kinaisoma," alisema. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Yako," Nakijwa alisema. "Na mbegu ikadhani ni ya mama."

Elihuruma alikaa chini palepale, akaanza kulia kwa namna ya mtu asiyetaka kusikika. Namkunda alimtazama, akamtazama Nakijwa, akawa ameelewa.

"Usilie, mdogo wangu," alisema. "Umenipandia mlima siku nne. Nani mwingine angenifanyia?"

Walikaa hivyo saa mbili na nusu. Kila robo saa Nakijwa alipima. Mia moja tisini na sita. Mia moja themanini na tisa. Mia moja themanini. Kichwa kilianza kumwachia, Namkunda akaomba uji. Nakijwa alikwenda kumletea mwenyewe. Alikuwa amekaribia kumuua mtu anayempenda kwa sababu alitaka kumfanyia wema.

*

Ujumbe uliingia kwenye ufunguo saa nne na dakika kumi. Nakijwa aliusoma akiwa mlangoni.

*Pongezi, Mwalimu Nakijwa Mrindoko. Mgonjwa wako wa Ndivani ameonyesha kuwa aliyefiwa anaweza kupunguziwa dawa haraka endapo anaendelea na mazoezi. Kuanzia saa sita mchana leo utaratibu huu utatumika kwa wagonjwa 312 wanaofanana naye, wakiwemo 11 waliomo kwenye msiba.*

Aliusoma tena. Kisha aliurudia kwa sauti, maana wale wawili ndani walikuwa na haki ya kujua.

"Mia tatu na kumi na mbili," Namkunda alisema.

"Wako wapi?" Elihuruma aliuliza.

"Popote. Masasi, Kasulu, Kondoa. Hatuambiwi majina."

Nakijwa alijua la kufanya na alijua bei yake. Mwalimu aliyefungua kikuku akampa mtu mwingine hunyang'anywa ufunguo. Kikundi chake husimamishwa chote, vikuku hurudishwa, mbegu hugandishwa kwenye kipimo kimoja. Namkunda angekosa kipimo cha wiki ya kumi na mbili kwa siku tisa tu. Elihuruma, Babu Kirita, wote tisa, wangerudi mwisho wa orodha yenye watu elfu arobaini. Na huyu mama aliyemzika mume Ijumaa, kitu kilichomwamsha asubuhi kwa wiki kumi na moja kilikuwa ule mlima.

"Sema kilikuwa kibovu," Elihuruma alisema. "Kikuku. Sema kilipata maji."

"Nikisema kibovu watavizima vyote vya aina yake mpaka vikaguliwe. Wagonjwa elfu mbili watakaa gizani kwa ajili ya uongo wangu."

"Basi usiseme lolote. Mbegu ya mama umeshairekebisha." Elihuruma alisema hivyo huku anatazama chini. "Hao wengine wana walimu wao. Walimu wao si wana macho?"

"Mimi nilikuwa na macho," Nakijwa alisema.

 Nje walikuwa wanasikika wanawake wakimenya ndizi za wageni, na mtu anacheka kidogo, kwa sababu hata msibani watu hucheka. Nakijwa aligeuka kwa Namkunda. Hakutaka kumtupia mzigo huu, lakini aliona ni vibaya zaidi kuamua juu ya mguu wa mtu bila kumuuliza mwenye mguu.

"Mama, nikisema kweli utapoteza nafasi yako. Na mimi ndiye niliyeiharibu, si wewe."

Namkunda alikunywa uji wake.  Alikuwa mtu ambaye hata akiuziwa tangawizi huichambua kipande kwa kipande.

"Kuna mwanamke huko Masasi," alisema mwishoni. "Simjui. Ameketi mkekani kama mimi, kichwa kinamuuma, naye anadhani ni kilio. Mimi nilikuwa na wewe wa kuja mbio na mipira. Yeye ana nani?" Aliweka kikombe chini. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya tukiyaficha sisi, anayeumbuliwa ni mwingine. Piga simu, mwanangu."

*

Daktari Tunzo alitokea kwenye kioo cha kituo saa tano kasorobo. Alikuwa msimamizi wa Mizani kule Kituo Kikuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani na uso wa mtu aliyekwishasikia visingizio vyote. Nakijwa alimpa kisa kizima, tangu sala mpaka mia mbili na nane, akayatamka na yale maneno yake ya chini ya dirisha. Hakupunguza neno.

Vidole vya Daktari Tunzo vilipita haraka juu ya meza yake.

"Nimeusimamisha ule utaratibu," alisema. "Hakuna mbegu iliyoguswa. Mama yu hai?"

"Yu hai. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja. Anadai uji wa pili."

"Mwalimu Nakijwa, ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Nisingejua mpaka watu waanze kuanguka." Alivua miwani. "Kanuni naijua, nawe unaijua. Ufunguo wako unazimwa leo jioni, kikundi kinasimama. Nitaandika kwamba ulijieleza mwenyewe, na nitaandika kwa wino mzito, lakini baraza hukaa baada ya miezi mitatu."

"Naelewa. Nina ombi moja."

"Huna nafasi nzuri ya kuomba."

"Ndiyo maana naomba moja tu. Wekeni kwenye Mizani siku za msiba. Mtu akifiwa, kikuku kinyamaze, kanuni ya siku nne isimame, na mbegu isifunge hata kidogo mpaka mwenyewe asimame kwa miguu yake. Mliweka kufuli kwa ajili ya wezi. Kwetu huku kuna msaragambo, mtu hahitaji kuwa mwizi ili achukue kazi ya mwenzake."

Daktari Tunzo alivaa tena miwani, akachukua kalamu.

"Huo msaragambo," alisema, "unaandikwaje?"

Nakijwa alimtajia herufi kwa herufi, naye akaandika. Kisha kioo kikazima, na saa kumi na mbili jioni ufunguo ulikufa kiganjani mwake, ukabaki kipande cha chuma.

*

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Nakijwa aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akakumbuka kwamba hana kazi, akatoka kitandani hivyo hivyo. Alichukua mashine ya mpira, daftari la kurasa mia na kalamu mbili. Kama angekuwa peke yake mlimani, basi angepanda peke yake. Miguu ilikuwa yake na mlima haukuwa wa Kituo Kikuu.

Alipofika penye bwawa, mahali wanapoanzia, Babu Kirita alikuwa amekwishafika, anajinyoosha kwa kelele. Elihuruma alikuwa anafunga kamba za viatu. Mmoja mmoja wakatokea kwenye njia ya migombani mpaka wakawa wanane, vifundo vya miguu vitupu, na pale vikuku vilipokuwa ngozi imepauka.

"Bila kikuku nitajuaje dakika arobaini?" Babu Kirita aliuliza.

"Una saa mkononi, Babu."

"Hii ni ya urembo."

"Basi utatembea mpaka niseme basi."

Aliwapima wote, akaandika daftarini, jina na namba, jina na namba. Daktari wa zahanati alikuwa amekubali kuja kila wiki kuangalia hizo namba na vile vipimo vya mbegu vilivyogandishwa. Haikuwa Mizani. Lakini mwili wa mtu haujui nani anahesabu hatua zake, na Nakijwa alikuwa na hakika ya jambo hilo kuliko jambo lolote lingine duniani: ni mlima uliowaponya hawa, kikuku kilikuwa karani tu.

Walikuwa wanataka kuanza wakati Namkunda alipotokea, khanga nyeusi imefungwa kiunoni, na viatu vya Mbonea miguuni, vimejazwa vitambaa mbele ili vimtoshe. Nakijwa alimpima mara mbili. Mia moja arobaini na sita kwa themanini na nane.

"Mama, siku zako za mkekani zimeisha?"

"Zimeisha jana. Kijiji kimenichotea maji, kimenipalilia, kimenikatia majani. Nimewashukuru wote." Namkunda alitazama mlima, kisha akamtazama Elihuruma aliyekuwa amesimama kando, bado hajui aweke wapi macho. "Na wewe mshonaji. Leo kila mtu na miguu yake. Lakini usinitangulie sana, nina mengi ya kukusimulia juu ya Mbonea, na mwalimu anataka mwendo wa kuzungumza."

Elihuruma alijifuta uso, akaja upande wake wa kushoto. Nakijwa akasema twende. Wakaanza kupanda, na kabla ya kona ya kwanza Namkunda alikuwa amefika kwenye siku Mbonea alipomchumbia, na pumzi bado ilimtosha.